Kazi ya diwani wa Mombasa bara ambayo kamera haijaifuata

MNAMO 2007, mwandalizi wa filamu za hali halisi kutoka Marekani, Frederick Wiseman, alitoa filamu ya zaidi ya saa tatu na nusu kuhusu bunge la jimbo la Idaho. Filamu hiyo, 'State Legislature', haina msimulizi wala mahojiano. Kamera imeketi tu ndani ya vikao vya kamati, ikawasikiliza wanasiasa wakibishana juu ya vifungu vya miswada, ikawafuata kwenye ujia wanakosimamishwa na watu wenye haja zao. Bunge hilo lina wajumbe 105, nao hukutana kuanzia Januari kwa takriban miezi mitatu, kisha wengi wao hurejea mashambani, madukani na maofisini walikotoka.

Filamu za siasa zilizovuma Afrika Mashariki zimefuata mkondo mwingine. 'Softie' ya Sam Soko, iliyotoka 2020 na kutuzwa kwa uhariri wake katika tamasha la Sundance, inamfuata mwanaharakati Boniface Mwangi hadi uchaguzi wa 2017, alipowania bila mafanikio kiti cha ubunge cha Starehe jijini Nairobi. Ile ya Uganda, 'Bobi Wine: The People's President', iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka wa 2024, kiini chake ni kinyang'anyiro cha urais cha Januari 2021. Zote mbili ni filamu nzuri. Lakini zote ni filamu za watu wanaotafuta kiti. Ni nadra mtazamaji wa eneo hili kuonyeshwa mtu akikikalia.

Pengo hilo lina gharama yake. Mpiga kura wa Likoni, Kisauni au Changamwe amemwona mwanasiasa akiomba kura mara nyingi kuliko alivyomwona akiifanya kazi aliyoiombea. Kila baada ya miaka mitano humpima, mara nyingi kwa ukali, kwa kazi ambayo sheria haikumpa, na kumsamehe kwa ile iliyompa.

Sheria haimzuii mpigapicha. Ibara ya 196 ya Katiba ya 2010 inaliagiza kila bunge la kaunti kufanya shughuli zake kwa uwazi, na vikao vyake na vya kamati zake viwe hadharani. Halina ruhusa ya kumfungia nje mwananchi wala chombo cha habari, isipokuwa pale ambapo spika ameona kuna sababu za kipekee. Bunge la taifa lilianza kupeperusha mijadala yake moja kwa moja mwaka wa 2008, na wananchi wakaizoea. Je, mtu angewafuata wawakilishi wa Mombasa bara kwa kamera iliyotulia kama ile ya Idaho, angeona nini?

Wadi 25 ng'ambo ya maji

Kaunti ya Mombasa, ambayo ndiyo nambari moja katika orodha rasmi ya kaunti 47, ina maeneobunge sita na wadi 30. Eneobunge moja tu, Mvita, liko kisiwani, nalo lina wadi tano. Wadi 25 zilizosalia ziko bara. Likoni ina Mtongwe, Shika Adabu, Bofu, Timbwani na Likoni yenyewe. Kisauni ina saba: Mjambere, Junda, Bamburi, Mwakirunge, Mtopanga, Magogoni na Shanzu. Changamwe ina Port Reitz, Kipevu, Airport, Chaani na Changamwe. Nyali, iliyomegwa kutoka Kisauni, na Jomvu, iliyomegwa kutoka Changamwe, zilipigiwa kura kama maeneobunge kwa mara ya kwanza Machi 2013, na wakazi wengi wa umri mkubwa bado huzihesabu pamoja na mama zao.

Bunge la kaunti lakini hukutana kisiwani. Kwa hivyo watu 25 kati ya 30 waliochaguliwa na wadi huvuka maji kwenda kazini, kama wavukavyo maelfu ya wapiga kura wao. Wa Kisauni hupita daraja la Nyali, lililofunguliwa 1980. Wa Changamwe hupita Makupa. Wa Likoni hupanda feri, na feri ni mahali pabaya kwa mwanasiasa asiyependa maswali, maana hakuna njia ya kushuka katikati ya safari.

Uvukaji huo unaeleza mengi kuhusu kazi yenyewe. Yanayomfanya mtu achaguliwe yako bara: mtaro uliofurika Chaani, zahanati isiyo na dawa Timbwani, jaa la taka Mwakirunge. Yanayoweza kuamuliwa juu ya hayo yako kisiwani, katika vyumba vya kamati ambavyo mchuuzi wa mbata au kibarua wa bandarini hana siku ya kazi ya kupoteza ili aende kuvisikiliza.

Kivuli cha baraza la zamani

Ili kuelewa mgogoro uliopo kati ya mpiga kura na mwakilishi wake, ni lazima kurudi nyuma kidogo. Hadi 2013, mji huu uliendeshwa na Baraza la Manispaa ya Mombasa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, sura ya 265. Diwani wa wakati huo aliketi katika kamati zilizokata shauri moja kwa moja: kamati ya ujenzi, ya mipango ya mji, ya masoko, ya afya. Baraza lilitunga sheria ndogo, na baraza hilohilo likazitekeleza kupitia maafisa wake. Mtu aliyetaka kibanda, kiwanja au nafasi katika soko alijua mlango wa kubisha. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya tisini, fedha za hazina ya LATF zilipoanza kutumwa kwa mabaraza, diwani akawa pia na sauti katika kuchagua miradi ya wadi yake.

Mtindo huo ulizaa ufisadi mwingi, hasa wa ardhi, na wakazi wa bara wanaokumbuka viwanja vya umma vilivyotoweka hawahitaji kukumbushwa. Lakini ulikuwa na jambo moja lililoeleweka na kila mtu: diwani alikuwa mtendaji, au angalau mkono wake ulifika mahali panapotendwa.

Katiba mpya ilimkata mkono huo. Ibara ya 185 inalipa bunge la kaunti kazi ya kutunga sheria, kuidhinisha mipango ya matumizi ya rasilmali na kuisimamia serikali ya kaunti huku likiheshimu mgawanyo wa mamlaka. Utendaji ni wa gavana na mawaziri wake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikafafanua zaidi. Kifungu cha 9 kinamtaka mwakilishi adumishe uhusiano wa karibu na wapiga kura, ashauriane nao, awasilishe maoni yao bungeni na ahudhurie vikao na kamati. Kisha, katika kifungu kidogo cha pili, kinamwekea mpaka: asijihusishe, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka, na kazi za utendaji za serikali ya kaunti, utawala wake au utoaji wa huduma zake.

Hivyo basi mwakilishi wa wadi haruhusiwi kujenga barabara. Haruhusiwi kuajiri mfagiaji. Haruhusiwi kuamua ni mkandarasi gani atakayechimba kisima. Ikiwa mtu wa kampeni aliahidi hayo, aliahidi kuvunja sheria au hakuisoma.

Mchanganyiko huu unazidishwa na wingi wa wakubwa mtaani. Katika wadi kuna msimamizi wa wadi, ambaye ni mwajiriwa wa serikali ya kaunti, na ndiye hasa mwenye dhamana ya kuratibu huduma. Kuna chifu na naibu wake, ambao ni watumishi wa serikali ya kitaifa. Kuna mbunge, ambaye ana hazina ya maendeleo ya eneobunge na kwa hivyo huonekana kuwa na pesa. Na kuna mwakilishi wa wadi, aliye karibu zaidi kwa makazi na aliye mbali zaidi na fungu la fedha. Hata magazeti humwita 'diwani' hadi leo, kwa neno la mfumo uliokufa, na wapiga kura humwita mheshimiwa. Neno la kwanza linawafanya watu wamtarajie awe mtendaji. La pili linawafanya wamtarajie awe tajiri.

Wanaobisha asubuhi

Hapa ndipo kamera ingejaa picha. Kabla ya kwenda kisiwani, mwakilishi wa bara ana watu mlangoni. Mmoja ana karo ya mtoto. Mwingine ana mgonjwa aliyezuiliwa hospitalini kwa sababu ya bili. Wa tatu ana kijana aliyelala seli. Wa nne hana shida yoyote maalumu, amekuja tu kuonekana.

Misiba huchukua sehemu kubwa ya wiki, na Mombasa bara ina misiba ya namna mbili. Nyumba ya Mwislamu huzika siku ileile, na mwanasiasa asiyetokea kabla ya alasiri amekosa. Nyumba ya mtu wa bara ya mbali, ambao ni wengi Changamwe, na Likoni pia hawakosi, hukaa matanga kwa siku kadhaa huku fedha zikichangwa za kusafirisha mwili hadi magharibi au kati mwa Kenya, na hapo mwanasiasa hatarajiwi kufika mikono mitupu. Kifungu cha 9 kinaposema 'uhusiano wa karibu na wapiga kura' hakikutaja jeneza, lakini ndivyo kinavyotafsiriwa mtaani.

Gharama hizi hulipwa na nani? Mabunge ya kaunti yalipoanza mwaka wa 2013, Tume ya Mishahara na Marupurupu iliwawekea wawakilishi Sh79,200 kwa mwezi. Kote nchini walilalamika na hata kususia vikao, na kiwango hicho kikaja kupandishwa. Wananchi walikasirika, na haki yao. Hata hivyo ni wananchi haohao waliokuwa wakiusubiri mshahara huo urudi mtaani kwa vipande vya mia mia. Julai 2024, kufuatia maandamano ya vijana, Rais William Ruto alipiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki michango ya harambee. Amri ya kumkataza mtu kutoa ni rahisi kuandika. Kumkataza jirani yake asiombe ni jambo jingine.

Basari ni mfano mzuri wa jinsi kazi hii ilivyojaa mitego. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za upili na vyuo vikuu ni za serikali ya kitaifa. Pamoja na hayo, kaunti nyingi, Mombasa ikiwemo, zimekuwa zikilipia wanafunzi karo, na mwakilishi wa wadi hupata sifa au lawama kulingana na majina yaliyotoka. Januari 2025, Mdhibiti wa Bajeti Margaret Nyakang'o alitoa waraka akizitaka kaunti zisitishe malipo hayo hadi kuwe na makubaliano rasmi na serikali ya kitaifa. Mvutano uliozuka kati yake na magavana ulitokea wakati shule zimefunguliwa tu, na mzazi wa Mtopanga aliyekuwa akisubiri hundi hakuwa na haja ya somo la katiba.

Barabara ya nani, maji ya nani

Malalamiko makubwa zaidi ya bara yanahusu mambo ambayo mwakilishi ana uwezo nayo kidogo, au hana kabisa.

Chukua feri. Jedwali la Nne, likiorodhesha usafiri wa kaunti, linataja wazi vivuko na bandari, isipokuwa udhibiti wa usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa. Mtu anayeisoma sentensi hiyo Likoni angedhani feri ni ya kaunti. Haijawa hivyo. Imeendeshwa na shirika la serikali ya kitaifa la Huduma za Feri na baadaye Halmashauri ya Bandari nchini, KPA. Wakati feri ya Mtongwe ilipopinduka asubuhi ya Aprili 29, 1994 na kuua watu 272, hakukuwa na serikali za kaunti. Wakati gari lilipoteleza kutoka feri ya MV Harambee mnamo Septemba 29, 2019 na kuzama na mama na mtoto wake, miili ikakaa majini kwa karibu wiki mbili, kaunti ilikuwapo tangu miaka sita nyuma. Mwakilishi wa Likoni angeweza kuzungumza, kuomboleza na kuwasilisha hoja. Hakuwa na afisa hata mmoja wa feri aliyelazimika kufika mbele ya kamati yake kama mtumishi wa kaunti.

Maji ni kisa kirefu zaidi. Kampuni ya maji ya Mombasa ni mali ya kaunti, kwa hivyo bunge la kaunti lina haki ya kuiuliza kwa nini mifereji ya Magogoni ni mikavu. Lakini kisiwa na bara lake havina mto wala chemchemi ya kutosha. Maji hutoka Mzima katika Taita Taveta, Baricho katika Kilifi, na Marere na Tiwi katika Kwale, na husafirishwa na wakala wa serikali ya kitaifa anayeiuzia kampuni ya kaunti kwa jumla. Bomba la Mzima lilijengwa miaka ya hamsini, mji ukiwa na sehemu ndogo tu ya watu walioko sasa. Kamati ya maji ya bunge la Mombasa inapomwita meneja, jibu lake la kweli mara nyingi liko katika kaunti nyingine tatu. Likoni imepakana na Kwale kwa nchi kavu na ingefikiwa na visima vya Tiwi kwa urahisi, ila maji hayo yana wenyewe, nao pia wana wawakilishi wao wanaouliza kwa nini yanapelekwa Mombasa.

Barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi, inayopita Bamburi na Shanzu, ni ya mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu. Vilevile ile ya Magongo iendayo uwanja wa ndege wa Moi. Mtu akiangukia shimo hapo atamtaja diwani wake kwa jina, na jina hilo halimo katika faili yoyote ya barabara hiyo.

Kisha kuna usalama. Magenge ya vijana wenye mapanga yaliyowahangaisha wakazi wa Kisauni katika miaka ya karibuni ni jukumu la polisi, na polisi ni wa serikali ya kitaifa. Mwakilishi haketi katika kiti cha kuamuru doria. Anachoweza kupigania ni taa. Taa za barabarani ni kazi ya kaunti, na ile nguzo ndefu ambayo Wakenya wameibatiza 'mulika mwizi' imekuwa, kwa sababu hiyo, mradi unaopendwa na kila mwanasiasa wa wadi. Unaonekana kutoka mbali na hauna mtu wa kuudai.

Ardhi ndiyo kidonda kikubwa kuliko vyote. Katika Shamba la Waitiki, Likoni, ambako maelfu ya maskwota waliishi kwa miaka bila hati, suluhu haikutoka kwa kaunti. Serikali ya kitaifa ililinunua shamba hilo, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akagawa hati miliki, huku kila mwenye kiwanja akitakiwa kulipa Sh182,000. Wakazi wengi walilalamikia malipo hayo, na waliopelekewa malalamiko ya kwanza walikuwa wanasiasa wa wadi, ambao hawakuwa wameshiriki kuyaweka.

Hata Owino Uhuru, kijiji cha Mikindani kilichotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri za magari, kilipata haki yake mahakamani wala si katika bunge la kaunti. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilitoa fidia ya Sh1.3 bilioni mwaka wa 2020, Mahakama ya Rufani ikaitengua 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Miongoni mwa waliobebeshwa lawama ni mamlaka ya kitaifa ya mazingira, NEMA.

Nguvu iliyo katika tarehe nne

Baada ya orodha hiyo, msomaji anaweza kudhani mwakilishi wa wadi hana kazi. Anayo, na ni nzito, ila haina sura ya kupigwa picha. Imefungwa katika kalenda ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012.

Tuseme wakazi wa Junda wanataka mulika mwizi na chumba cha kujifungulia katika zahanati. Ombi hilo halina maana likitolewa Mei. Kufikia Septemba 1, serikali ya kaunti hutakiwa kuwa imewasilisha bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka utakaoanza Julai ifuatayo. Mradi usiokuwamo humo umeanza kwa mguu mbaya. Kufikia Februari 28, waraka wa mikakati ya fedha huwekwa mezani, nao huamua kila idara itapata kiasi gani kwa jumla. Bunge lina siku 14 tu za kuujadili. Hapa ndipo afya hupimwa dhidi ya barabara, na hapa ndipo wawakilishi wengi hulala, kwa sababu waraka huo hautaji zahanati ya mtu yeyote. Kufikia Aprili 30 yanakuja makadirio ya matumizi. Sasa kila mtu huamka na kutafuta jina la wadi yake, lakini ukubwa wa mfuko umekwisha kuamuliwa. Mwisho ni Juni 30, bajeti inapostahili kupitishwa.

Sheria hiyohiyo inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo. Kulinda asilimia hiyo isiliwe na mishahara, safari na semina, zikiwemo za bunge lenyewe, ni kazi ya wawakilishi. Nyaraka hizi kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza cha wahasibu, jambo linalowaweka kando wananchi wengi, na si wananchi peke yao.

Na bajeti kupita si mwisho. Fedha kutoka Hazina Kuu huchelewa, zabuni hukwama, na mradi uliopigiwa makofi Juni hugeuka deni la mkandarasi mwaka unaofuata. Mulika mwizi ya Junda inaweza kuwamo katika vitabu vya miaka mitatu mfululizo bila nguzo kusimamishwa. Ndipo inapoingia kazi ya pili ya mwakilishi, ambayo huenda ndiyo ya kwanza kwa umuhimu: kuuliza. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anatakiwa kukagua hesabu za kaunti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha, na bunge la kaunti lina miezi mitatu ya kuijadili ripoti yake. Kamati inaweza kumwita waziri wa kaunti, kudai risiti, kwenda kuangalia kama jengo lililolipiwa lipo.

Kazi hiyo ina adui wa ndani. Mwakilishi anajua kwamba mpiga kura atamuuliza kuhusu taa, hatamuuliza kuhusu ripoti ya ukaguzi. Anajua pia kwamba anayeweka taa ni serikali ya gavana. Kumkaba waziri Jumanne na kumwomba nguzo Alhamisi ni jambo gumu kwa binadamu yeyote. Hapo ndipo usimamizi unapouzwa kwa bei ya chini, bila hongo hata moja kupita mkono kwa mkono: mheshimiwa ananyamaza kidogo, na wadi inapata changarawe kidogo.

Wawakilishi wenyewe wamependekeza dawa yao, ambayo ni hazina ya maendeleo ya wadi inayofanana na ile ya wabunge. Kaunti kadhaa zilitunga sheria za namna hiyo. Lakini Agosti 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria ya 2013 ya hazina ya maeneobunge ilikiuka Katiba, ikiwemo kanuni ya mgawanyo wa mamlaka, kwa kuwa mtunga sheria hapaswi kutekeleza miradi anayostahili kuisimamia. Hoja hiyo inamgusa mwakilishi wa wadi vivyo hivyo, tena yeye ana kifungu cha 9(2) kinachomkataza waziwazi.

Kuhusu wanaokwepa vikao, Katiba haikuwasahau. Ibara ya 194 inasema kiti huwa wazi mwakilishi akikosa vikao vinane bila ruhusa ya maandishi ya spika na bila maelezo ya kuridhisha. Idadi ya kutosha kuendesha kikao ni thuluthi moja ya wajumbe wote, maana yake ni kwamba sheria ya kodi ya soko la Kongowea inaweza kupita huku theluthi mbili ya viti vikiwa vitupu na bado ikawa halali. Mahudhurio huandikwa. Mijadala pia huandikwa neno kwa neno katika kumbukumbu rasmi, hansadi.

Mwananchi hahitaji kungoja uchaguzi wala msanii wa filamu. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge la kaunti kuhusu jambo lolote lililo ndani ya mamlaka yake. Mkazi wa Bofu anaweza kuuliza kwa maandishi zahanati yake ilitengewa kiasi gani na kiasi gani kilifika. Swali kama hilo, likiwa na saini za majirani, hupelekwa kwa kamati husika, na kamati hukutana kisiwani, mchana, milango ikiwa wazi.